Makovu Chini ya Masonjoany

Marodoka, Nosy Be
20 Juni 1986

Mama mdogo Hachimia,

Nilijichokonoa mwenyewe. Sijamwambia mtu yeyote, na neno hili nimeliweka mbele ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Sasa shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Huku wote wazima, isipokuwa mimi.

Chunusi zangu unazijua. Mwaka mzima nilikuwa nikitoka shule nazitumbua kwa sindano ya kushonea, taya zote mbili mpaka mabegani. Nakamua usaha, nafuta kwa kitambaa kile kile cha jana, halafu napaka masonjoany juu. Wasichana wote hapa wanashinda na ule unga wa mti usoni, nani angeniuliza? Chini yake makovu yakavimba. Magumu, yanang'aa kama minyoo iliyoshiba, na yanawasha. Nikiyagusa mate yananijaa mdomoni, nataka kutapika.

Siku ya Idi Mama aliniosha uso mwenyewe ili anipambe. Alipiga ukelele! Kwake yeye yametoka yote siku moja. Na wiki ile ile jirani yetu Sittou alikuwa amesema, "Chini ya masonjoany hiyo lazima kuna ngozi ya yai," bila kutia mashallah. Basi, kesi imekwisha: ni jicho la Sittou. Alipoleta mikate ya sikukuu, Mama aliwamwagia kuku mbele yake. Mimi nilimrudishia sinia lake tupu.

Sasa Mama anataka kunipeleka kwa Mchangama, yule mpiga chuku anayenyonya watu damu kwa pembe, ayakate ili jicho litoke. Wewe unafanya kazi hospitalini. Hakuna dawa?

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya bibi, kwa sababu baba na kaka zangu hawaijui. Anayeisoma humu ndani ni Mama tu, kwa hiyo ninayemficha ni mtu mmoja.

Mwanao,
Bahia


Mahabibo, Mahajanga
8 Julai 1986

Mwanangu Bahia,

Salamu zilizochelewa nimezipokea. Magoti yananisema kila ngazi. Wewe je, unakula?

Nimemuuliza daktari wa ngozi ninayemshikia trei. Kwanza: USIKATWE. Kovu la namna yako, wao wanaliita keloidi, likikatwa peke yake hurudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Dawa yake ni sindano ya kortizoni, inachomwa ndani ya kovu lenyewe, kila mwezi, kwa miezi mingi. Inauma. Sikudanganyi, nimeona wavuvi wa Antsanitia wakimwita mama yao. Kovu hulala, halifutiki, na ngozi huweza kubaki nyembamba au nyeupe kidogo. Kuna kugandisha kwa baridi kali, lakini kwa ngozi zetu huacha doa, na hapa mashine hatuna. Makubwa sana hukatwa, ila sindano lazima zifuate. Kuna pia plasta laini ya silikoni aliyoisoma kwenye jarida la Ufaransa. Huku kwetu bado haijafika.

Na chunusi zenyewe zitibiwe kwanza, la sivyo utatengeneza mengine. Hiyo sindano yako itupe chooni.

Njoo na mama yako. Daktari hamgusi mtoto bila mzazi. Na Sittou je? Au yeye si mtu?

Mama yako mdogo,
Hachimia


Marodoka
30 Agosti 1986

Mama mdogo,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Naandika vibaya kwa sababu bega linauma.

Nilimwambia Mama habari za daktari, ila ya sindano yangu sikusema. Akacheka. "Hospitali inatibu jicho? Huyo daktari atamchoma Sittou?" Kesho yake tukaenda kwa Mchangama.

Pembe yake ina damu kavu mdomoni, damu ya watu sijui wangapi. Wembe aliufuta kwenye kikoi. Alikata kovu moja la begani, la kujaribia, akabandika pembe, akanyonya, akatema damu yangu kwenye kopo la maziwa ya unga. Nzi walifika kabla hajamaliza kutema. Kisha akapaka mafuta ya ini la papa yaliyovunda. Harufu yake ninayo mpaka leo, nalala nayo. "Jicho hili lina mizizi, binti," akaniambia, na kunichekea kwa meno yale. Mama alimshukuru. Mimi pia nilimshukuru, Mama mdogo. Nilisema asante.

Mwanao,
Bahia


Mahabibo
12 Septemba 1986

Bahia,

Unaendeleaje na bega? Likitoa maji au ukiwa na homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Mimi sitamwandikia dada yangu. Nikimwandikia atasema nimekutungia uongo kumtetea Sittou, na utabaki pale pale. Ni neno lako wewe kulisema. Daktari yupo kila Jumanne.

Hachimia wako


Marodoka
7 Novemba 1986

Mama mdogo,

Shikamoo. Kovu la begani limerudi. Lilikuwa kama punje ya haragwe, sasa ni kama kidole gumba, jekundu, limepita hata mahali alipokata. Mama ameliangalia akasema, "Umeona nguvu za Sittou?" Leo baada ya sala ya Ijumaa Mchangama anakuja kukata yale ya tayani.

Asubuhi nilikwenda bombani. Sittou alikuwa anajaza ndoo. Aliponiona aliweka kiganja juu ya macho yake, akageukia ukuta. "Pita, mwanangu," akasema kwa Kimalagasi. "Sikutazami." Ndoo yake ikafurika, maji yakamlowesha miguu, hakugeuka mpaka nikapita.

Makovu haya si kitu. Kinachonitia kinyaa ni mimi niliyepita.

Wametoka msikitini, nasikia watu njiani. Mama anamkaribisha mtu uani. Sasa kandambili za Mama zinakuja huku, yuko peke yake. Karatasi nilikwisha kuikunja niitie chini ya mkeka. Nimeikunjua. Mama husoma polepole, kwa kidole, basi naandika herufi kubwa:

MAMA, SITTOU HAKUFANYA KITU. NI MIMI, KWA SINDANO, MWAKA MZIMA. NIPELEKE MAHAJANGA.

Anavua kandambili mlangoni. Karatasi naiacha wazi mezani, na mikono yangu naiondoa