Fiacre na aminofilini

Noëlla, nakufa na haya!

Asubuhi risasi zililia upande wa Ngezi, tukakimbia, pumu ikanibana. Mama akanipeleka kituo cha afya kwa piki. Unajua nani alikuwa kwa zamu? Fiacre! Fiacre wetu wa kwaya!

Akanichoma sindano ya aminofilini, dawa ya pumu, polepole, nikapumua. Akanishika mukono, akapima moyo.

"Moyo unakimbia sana. Usiogope, ni dawa. Iko ndugu ya majani ya chai, ni kama umekunywa chai ya Bunia nzima."

Nikajibu: "Haiko dawa. Ni weye."

NILISEMA, Noëlla! Kwa sauti!

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mumoja aliyekimbia Kpandroma, akapiga makofi: "Dokta, umesikia?"

Fiacre akainama. "Kesho dawa itakuwa imetoka mwilini. Nitapita kwenu kupima tena."

Kwetu! Na mama alisikia yote. Tangu turudi anafagia kiwanja.