Mtani Wangu Ameniheshimu

Isevya, Tabora

Kwako pacha wangu Kulwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Puge, wewe na shemeji Erasmus, na kwamba mvua imeanza vizuri kwenye majaruba yenu ya mpunga. Huku afya tunayo, kilichovunjika ni moyo tu. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika pabaya.

Uliniuliza nimeshindwaje udiwani wakati mikutano yangu ilikuwa inajaa. Ngoja nikueleze.

Wiki ya mwisho ya kampeni alifariki mzee Sabiri, fundi baiskeli, mtu wa watu. Kamati yangu ikakaa sebuleni. Adriano, meneja wa kampeni, akasema msiba ule ni mkutano wa bure, niende nikagawe vitenge vyenye picha yangu. Wote wakaafiki, kama walivyoafiki kila kitu tangu siku ya kwanza. Mwanajuma peke yake akasema nikithubutu, yeye ndiye atakayenishonea sanda, tena ya kitenge hichohicho. Watu wakacheka sana. Unamjua rafiki yetu huyo: yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, na utani wetu ni wa tangu babu zetu walipobeba mizigo kutoka hapa hadi pwani.

Akangoja kicheko kiishe. Akasema leo hatanii. Niende kwa miguu, nijitande kanga, nikae mkekani nichague mchele na wanawake wenzangu, nisitaje kura. Nikawaambia wajumbe wasimsikilize, Wazaramo ndivyo walivyo. Wakacheka tena. Yeye akachukua mkoba wake akaondoka.

Nikaenda na gari la matangazo, Kulwa! Muziki tuliuzima mlangoni. Mjane, bi Anifa, alipokea kitenge, akautazama uso wangu pale kwenye kitambaa, akakikunja vizuri na kunirudishia kwa mikono miwili. Wanawake wakaendelea kuchagua mchele. Siku ya kura nilishindwa hata kwenye kituo cha jirani na kwangu.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Nilijua hatanii. Miaka yote hii naijua sauti yake. Niliuita ushauri wake utani kwa sababu sikuwa na jibu, na niliona aibu kukosolewa mbele ya watu walioanza kuniita mheshimiwa.

Juzi alikuja kunipa pole. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa, tena natamani kusimangwa. Unakumbuka alivyozoea kusema chai yangu ni maji ya kusuuzia masufuria. Safari hii alinisalimu kwa adabu, akaketi kwenye ukingo wa kiti. Kwa wasiwasi nikasahau kutia sukari. Akainywa chai ile yote, akashukuru, akaniita mheshimiwa, akaaga. Nimelia, ndugu yangu, kuliko nilivyolilia kura.

Msalimie sana shemeji, na wanao wote uwabusu. Na ukipata nafasi mpigie Mwanajuma, kwako hana kinyongo. Mwambie Doto anaomba atukanwe.

Ni mimi pacha wako,
Doto