Sweta la Torfi, Ambalo Kolfinna Hakuwahi Kulikata

Mama, mwaka umetimia tangu ulipoweka sindano juu ya meza ya jikoni, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo kabla ya kahawa ya saa tisa, na hukuamka. Watu walituambia kwamba mwaka wa kwanza ukipita moyo hutulia. Wetu haujatulia. Tumekukumbuka kila siku, na siku nyingi tumekukumbuka kwa hasira. Wewe mwenyewe hukupenda matangazo ya gazetini yanayomgeuza kila marehemu kuwa malaika, kwa hiyo tutasema mambo yalivyo.

Ulikuwa mwema. Hilo tuliseme kwanza, lisije likasahaulika huko mbele. Hakuna mtoto aliyezaliwa bonde hili bila kupata kofia kutoka kwako, hata wa wale majirani mliokosana nao kwa ajili ya uzio. Ulifuma ukiangalia taarifa ya habari, ulifuma kanisani mpaka mchungaji akazoea, ulifuma ndani ya gari Baba akiendesha na wewe ukimwambia apunguze mwendo kwa sababu kona zinakupotezea hesabu ya vitanzi. Mfukoni mwa aproni hamkukosa kipande cha uzi wa sufu na andazi la kukunja lililoumwa nusu.

Tena ulikuwa mwalimu. Si wetu. Wa watu wengine.

Kile kikundi chako cha wafumaji mtandaoni kilikula asubuhi zetu zote. Kabla hujapasha maziwa ulishavaa miwani na kuanza kujibu. Mtu kakwama kwapani, unamjibu. Mtu sufu yake isiyosokotwa inakatika kila akiivuta, unamwambia aache kufunga mafundo, alowanishe ncha mbili kwa mate, azisugue viganjani mpaka zishikane. "Kolfinna, nimekosea safu kumi chini, nifanye nini?" mmoja alikuuliza, ukamwandikia: "Fumua. Kulia utalia baadaye." Wakakupenda. Kutoka visiwa ambavyo hatujui kuvitamka, wakakupenda.

Lakini binti yako Svala alipokuomba umfundishe kufuma mabega yale ya nakshi ya mduara, ulisema, "Kaa hapa utazame." Akakaa. Ukafuma haraka kuliko jicho, huku unamjibu mtu kwenye simu. "Umeona?" ukamuuliza. Aliona nini, Mama? Aliona mikono yako tu.

Sasa tuje kwenye sweta.

Baba alipopata kiharusi majira yale ya baridi, mkono wake wa kushoto ukabaki umekunjika kifuani na hauna hisia, na masweta yake yote yakawa adui. Kulivaa sweta la kichwani lazima unyanyue mikono, na yeye anao mmoja tu wa kunyanyua. Kila asubuhi mmoja wetu alisimama nyuma yake akimvuta na kumsukuma, naye akitukana kimyakimya. Mtu aliyekuwa akibeba kondoo dume kila upande wa kwapa akawa anasubiri kuvalishwa. Wewe hukusema lolote. Ulichukua kipimo cha mkono wake mzima na cha ule uliokunjika, ukaanza kufuma.

Ulipotuacha, sweta lilikuwa limekwisha. Sisi tulidhani limekwisha. Kijivu cha mwanakondoo, nakshi nyeupe na nyeusi mabegani, mkono wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Ila lilikuwa limefungwa mbele kama masweta yake mengine yote. Tukaangaliana. Sweta la kichwani tena? Mwanao Bergur akasema pengine mwishoni akili zako hazikuwa sawa, na Svala akamfukuza chumbani.

Svala ndiye aliyepiga picha na kuituma kwenye kikundi chako, akauliza ile mistari miwili ya vitanzi vya kinyume, iliyoshuka katikati ya kifua, ni ya nini. Majibu yakamiminika.

"Ni pa kukatia, mwanangu!" aliandika Petrína wa upande wa pili wa mlima, rafiki yako ambaye hamkuwahi kukubaliana hata siku moja. "Mama yako alilifuma zima ili lizunguke kwenye sindano, halafu unalikata katikati na mkasi, unaweka vifungo. Ni sweta la vifungo hilo! Hukujua? Mtoto wa Kolfinna hukujua?"

Hatukujua. Maisha yetu yote tulivaa masweta yako ya vifungo, na hatukuwahi kujua kwamba yalizaliwa mazima yakapasuliwa. Ulikuwa unalifanya hilo chumbani, mlango umefungwa, wewe na Baba, na mlitoka huko na sweta limeshafunguka. Tulidhani mnapumzika.

Basi kumbe kazi ilikuwa rahisi. Kushona mstari huku na mstari huku, kukata katikati, na Baba anavaa mwenyewe kama mtu mzima. Lakini mwaka mzima umepita na hatukufika popote, na hapa ndipo hasira yetu inapotoka.

Kwanza watu wako. Mungu awabariki, walitaka kusaidia, wakatutia wazimu. Mmoja anasema lioshwe kwanza. Mwingine anasema ukiliosha kabla ya kukata utajuta. Huyu anataka cherehani, yule anasema cherehani ni dhambi, shona kwa mkono. Kila mmoja anaapa kwamba wewe ndiye uliyemwambia, na tulipotafuta tukakuta ni kweli! Ulimwambia kila mtu lake. Petrína akagombana na mwanamke wa mjini kuhusu mkasi upi ni halali, wakaacha kusalimiana, na sisi tukawa wapatanishi wa watu ambao hatuwajui sura.

Pili Baba. Svala alipomweleza habari ya kukata, alilichukua sweta mezani kwa mkono wake mzima, akaliingiza kwenye kabati la nguo zake na kukaa mbele ya mlango.

"Hakuna atakayepitisha mkasi kwenye kazi ya mama yenu."

"Baba, yeye mwenyewe ndiye alitaka likatwe."

"Nimesema."

"Sasa utalivaaje?"

"Sitalivaa."

Tukabembeleza, tukanuna, tukabembeleza tena. Bergur alimnunulia sweta la zipu kutoka mji wa Akureyri, la dukani, jepesi. Baba akamtandikia mbwa, na mbwa analilalia mpaka leo. Mwaka jana kondoo waliposhushwa kutoka mlimani, watu wote wa bonde wakakusanyika kwenye zizi la mawe kuwagawa kwa alama za masikio, Baba hakwenda. Alikaa dirishani akiwasikiliza wakiimba. Alisema hataki kusimama mbele ya wanaume wenzake amevalishwa kama mtoto wa ubatizo. Hakuwahi kukosa siku hiyo tangu akiwa kijana, Mama, na sweta la kwendea lilikuwa kabatini nyuma ya mgongo wake.

Ungesema sentensi moja tu. Wewe ambaye ulimwandikia mgeni barua ndefu kuhusu tundu la kifungo, ulishindwa kutuambia, "Nikiwa sipo, fanyeni hivi." Tumekusemesha sana kwa hilo, kaburini na jikoni.

Mwezi huu tukachoka. Jumapili moja Baba akiwa ametoka na jirani kwenda kutazama uzio, Bergur akaleta cherehani ya mkewe. Yeye ni fundi wa magari, akasema mashine ni mashine. Svala akalitoa sweta kabatini. Bergur akalilaza, akalinyoosha vizuri, akashona mstari wa kwanza, umenyooka kabisa. Akashona wa pili. Tukapongezana. Kisha Svala akaingiza mkono ndani ili aliandae kwa mkasi, na mkono haukupita.

Alikuwa amelishona la mbele na la nyuma pamoja. Kifua cha sweta kimeshikamana na mgongo wake kutoka shingoni mpaka chini.

"Umefanya nini?" Svala akamuuliza.

"Nimeshona! Wewe si ulisema nishone?"

"Umelishona mpaka mgongoni, wewe kichwa maji! Umetengeneza suruali!"

"Ungeniambia lina nyuma!"

"Sweta gani halina nyuma, Bergur?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na Baba akaingia na uzio wake haujatazamwa hata nusu. Akatuona, akaona cherehani, akaona sweta. Tulisubiri atufukuze nyumbani. Akalishika, akaligeuza, akaona mishono ya Bergur imetokea upande wa pili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tukadhani analia. Alikuwa anacheka, Mama. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu ulipoondoka. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Hamkuweka mkono ndani," alisema.

"Mkono gani, Baba?"

"Wangu." Kicheko kikamwisha taratibu. "Mnafikiri chumbani tulikuwa tunafanya nini miaka yote ile? Mama yenu anashona, anakata, na mimi naingiza mkono huu wa kushoto ndani ya sweta, nalitanua, ili uzi na mkasi visiguse nyuma. Hakukata hata moja bila mkono wangu. Akiniambia panua, napanua. Akiniambia usipumue, sipumui."

Svala akasema kwamba sisi tulidhani analilinda sweta.

"Eti nalilinda sweta!" akafoka. "Sweta ni la kukatwa, kila mtu anajua. Huyu kafuma la mwisho, na mimi mkono wa kulitanua sina. Mlitaka nikae hapo nimtazame mtu mwingine akiingiza wake?"

Mwaka mzima, Mama. Mwaka mzima tunabishana kuhusu mkasi na maji ya vuguvugu, na jambo lilikuwa hilo. Wewe na mumeo mlikuwa mnafanana kwa kutosema.

Alasiri yote tulifumua mishono ya Bergur kwa sindano, uzi kwa uzi, na safari hii Baba ndiye aliyeshika taa. Svala akashona upya, kwa mkono. Kisha akashika mkasi, akauweka chini, akaushika tena. Bergur akaleta ubao wa kukatia mkate, akasema auingize ndani badala ya mkono.

"Ondoa takataka hiyo," Baba akasema.

Akaushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia. Mkono huo hamruhusu mtu kuugusa, hata muuguzi. Akauinua kutoka kifuani, akauingiza yeye mwenyewe ndani ya sweta kutokea chini, akausukuma mpaka ukalala chini ya ile mistari miwili. Ulikuwa umekunjika, lakini mzito, na ulilitanua sweta vya kutosha.

"Baba, nikikukata?"

"Sitasikia. Ndiyo faida yake. Kata."

Svala akakata. Sufu ilifanya ule mlio wake mdogo, na haikukimbia hata uzi mmoja, kama ulivyokuwa ukiwaambia wageni wako kila siku. Alipofika shingoni, sweta likafunguka pande mbili juu ya mkono wa Baba, na Baba akaendelea kuzuia pumzi mpaka Bergur alipomkumbusha kwamba tumemaliza.

Habari ilifika kwenye kikundi jioni hiyo, na Jumamosi iliyofuata Petrína akavuka mlima bila kualikwa, na chupa ya jamu chachu ya mmea wa rubabu na maoni yake. Alifuma ukingo mmoja wa vifungo, Svala akafuma mwingine. Ukitazama utajua upi ni wa nani, maana wa Svala unapinda. Petrína alisema wewe ungemfumulisha. Tunadhani ungemfumulisha pia, lakini hukuwepo, kwa hiyo unapinda na utabaki hivyo.

Jana asubuhi Baba alilivaa. Mkono mbovu kwanza, kisha akalizungusha mgongoni, kisha mkono mzima. Hakuna aliyemgusa. Tuliikalia mikono yetu tusije tukamsaidia. Vifungo vilimchukua muda mrefu mpaka kahawa ikapoa, na alipofika juu kilibaki kifungo kimoja bila tundu, kwa sababu alianza vibaya kule chini. Tulikiacha hivyo hivyo. Mkono wa kushoto wa sweta, ule mfupi, ulifika pale pale unapotakiwa kufika.

Wiki hii kondoo wanashuka, na Baba anakwenda zizini.

Tulimuuliza jana tuandike nini gazetini kwa niaba yake. Alisema yeye hana maneno, tuandike tutakavyo. Akatoka nje, akasimama kizingitini, akarudi.

"Mwambieni limenitosha," akasema.

Limemtosha, Mama.

Wanaokukumbuka ni mumeo Torfi, binti yako Svala, mwanao Bergur na mkewe Hildur, wajukuu zako Ylfa na Steinvör, Petrína wa ng'ambo ya mlima, na watu wa kikundi chako, ambao bado wanagombana. Hasira zetu zitakwisha siku moja. Wewe hutatutoka kamwe.