Damu Yangu Haikufanana na ya Mama

Kinole,
Morogoro.
9 Mei 2024

Mpendwa Mjomba Abeid,

Shikamoo. Unaendeleaje na baridi ya huko Tunduma? Goti limepoa? Mkaza mjomba hajambo? Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu, ila kichwa changu hakijakaa sawa, na kilichokivuruga ni herufi tatu tu.

Unajua mama alipasuliwa uvimbe tumboni kule mjini. Amesharudi nyumbani, alhamdulillahi, uji anakunywa na kulalamika amerudia. Kabla ya upasuaji tuliambiwa ndugu tuchangie damu. Nikatangulia kifua mbele. Ukoo nimepewa na mama, shamba nimepewa na mama, basi damu nayo ingekuwa ya nani? Wakatupima. Mama ni A, mimi ni O.

Mama mkubwa Raya akakumbuka kuwa marehemu baba alikuwa B. Akauliza mbele za watu, A na B zinazaaje O, akajijibu mwenyewe kwamba nilibadilishwa hospitali nikiwa mchanga, maana cheti changu kinasema nilizaliwa mjini. Unamjua dada yako, kunong'ona hakumo katika tabia zake. Nilipofika Kinole neno lilikuwa limeshanitangulia, na wazee wanataka kikao Ijumaa ijayo baada ya swala. Shamba la lukolo, la ukoo wetu, hupita kwa mama, na asiye wa mama hana lake. Hata midalasini niliyoipanda kwa mikono yangu inaangaliwa kwa jicho jingine.

Shamba sawa, Mjomba. Lakini juzi nilijikuta mbele ya kioo nikiitafuta pua ya mama usoni kwangu. Iliniuma sana.

Binti yangu Shamsia, anayesomea uuguzi, alinikalisha kunielewesha. Anasema kila mtu ana vipande viwili vya kundi la damu, kama doti ya khanga, na mtoto hupewa kipande kimoja na baba, kimoja na mama. Nikamwuliza ni doti gani hiyo yenye vipande visivyofanana. Akaguna, akaendelea. Bibi yake lazima ana A na O, ila A huifunika O kama khanga ya juu inavyoifunika ya ndani, ndiyo maana kipimo husoma A. Babu yake naye B juu, O ndani. Kila mmoja akanipa ya ndani.

Nimeelewa, halafu sijaelewa. Yaani nimerithi kwa wazazi wote wawili kile ambacho hakuna hata mmoja aliyekionyesha? Na kama nusu ni ya baba, sisi tunaosema mtoto ni wa mama tulikuwa tunahesabu nini siku zote hizi?

Mama tulimficha, lakini nyumba ya udongo haina siri. Jana akaniita kitandani.

"Nani kakwambia ulizaliwa mjini? Mjini tulikupeleka kukuandikisha, ulishaanza hata kucheka. Nilikuzaa humu chumbani usiku, barabara imekatika kwa mvua, mjomba wako ndiye aliyekimbia kumwita mkunga. Huyo mtoto wa kubadilishana naye angetoka wapi, mtoni?"

Akacheka mpaka akashika mshono. Kisha akaniangalia.

"Na wewe uliwaamini?"

Nikasema uji unaungua, nikatoka. Hakukuwa na uji jikoni.

Wazee wanakungoja wewe, maana mjomba ndiye mwenye neno. Njoo, au mpigie simu Mzee Rehani uwaambie ulichokiona usiku ule. Hilo litawatosha wao. Swali la mama limebaki na mimi, na kila nikimpelekea chai naliona bado liko machoni mwake.

Mama anakusalimu sana. Shamsia anakupa shikamoo. Nisalimie mkaza mjomba na mwanao Abdulswamad. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akufungulie njia ya kuja.

Mpwa wako akupendaye, mtoto wa dada yako,

Mwanvita