Kurasa za Sela

Riyadh, 11 Januari 2023

Kwako Bi Jokha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi sijambo, ni mafua tu. Baridi ya Riyadh mwezi huu inauma kuliko watu wanavyodhani.

Hunijui. Naitwa Metrine, mzaliwa wa Kimilili, Kenya, na huu ni mwaka wangu wa pili nikifanya kazi za nyumbani hapa. Nilikuwa kwa yale mafunzo ya uandishi wa hadithi ya siku tatu, yale mliyofunza kwa simu mkiwa waandishi wanne. Sikuuliza swali kwa sababu nilikuwa napiga pasi, na kisikizi nimekiweka sikio la upande wa ukuta. Wote walifunza vizuri, lakini ni wewe ulisema mtu asiogope kukutumia kurasa. Basi nimeandika kwa daftari nikapiga picha. Nisamehe mwandiko.

Tangu shule ya msingi nimetaka kuandika kitabu. Kitu kimoja sielewi: nyinyi ambao vitabu vyenu vimechapishwa, mnajuaje kwamba ukurasa ni mzuri? Mimi wangu nikiusoma asubuhi naona ni mzuri, jioni naona ni takataka.

Mwanao, kama utakubali,
Metrine


Jeddah, 15 Januari 2023

Kwa mwanangu Metrine,

Marahaba. Salamu zako zimefika na sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti yangu ambayo yashazikataa ngazi. Naishi Aziziya pamoja na Idi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mie nna miaka sita, na riwaya zangu tatu zote nimeziandikia mji huu, kwa lugha ambayo majirani hawaijui. Kwa hivyo barua yako imenifurahisha zaidi ya unavyodhani.

Sasa kazi. Kurasa mbili za mwanzo zitupe. Jua linachomoza, ndege wanaimba, maisha ni safari. Hayo si yako, umeyaokota. Hadithi yako inaanza pale mwanamke anapolikwangua sufuria la wali kwa kijiko cha mtoto. Hapo nilikaa kitako. Khalafu ukaniharibia kwa kuandika “aliteseka sana”. Ukishanipa sufuria, mateso nitayaona mwenyewe.

Unauliza tunajuaje. Hatujui. Mie humsomea mtu kwa sauti, na pale anapoanza kutazama dirishani ndipo ninapokata.

Nakupa zoezi. Mtunge mtu mmoja, mpe kazi moja mikononi na jambo moja analolificha. Usinambie anahisi nini.

Bibi yako,
Jokha


Riyadh, 27 Januari 2023

Kwako Bibi Jokha,

Shikamoo. Pole kwa magoti, nakuombea yapate nafuu. Mafua yangu yameisha, Mungu ni mwema.

Nimemtunga mtu, jina lake Sela. Ni mfanyakazi wa nyumba kama mimi. Anaosha ua kwa mpira wa maji, na anachoficha ni maumivu ya tumbo, upande wa kulia.

Nimefanya vile ulivyosema, nikamsomea mtu. Hapa tuko wawili, mimi na Rispah wa Nyamira. Nilimsomea tukichambua mchele. Nilikuwa nimeandika kwamba Sela alishika tumbo kwa mikono miwili. Rispah akasema, “Hapana. Akishika hivyo madam atamwona. Anaegemea ukuta kama mtu anatafuta kivuli, halafu anabana hapo na kiwiko.”

Nikarekebisha. Kurasa ni nne.

Mwanao,
Metrine


Jeddah, 30 Januari 2023

Kwa mwanangu Metrine,

Hujambo, na huyo mwenzio hajambo? Sisi wazima.

Kiwiko! Idi alikuwa anakunywa chai, nikamsomea, akakiweka kikombe chini. Mwambie Rispah ana jicho. Na Sela umemtoa wapi wewe?

Nna neno moja tu. Huyo madam wa kwenye kurasa zako ni shetani mtupu, na shetani hamtishi mtu. Mpe wema. Anayekupa Panadol kwa mkono wake na maji ya baridi, akakwambia “bukra nakupeleka hospitali”, na kesho ikifika akasema tena bukra, huyo ndiye anayetisha.

Endelea naye Sela. Usimwache.

Bibi yako,
Jokha


Riyadh, 12 Februari 2023

Kwako Bibi Jokha,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi niko, nashukuru.

Madam nimemrekebisha. Haikuwa ngumu. Sasa analeta Panadol, analeta uji, anasema bukra.

Umeuliza Sela nimemtoa wapi. Nimemtunga tu.

Ametapika kila kitu alichokula tangu Ijumaa. Baba wa nyumba amesafiri, mlango wa nje umefungwa, na ufunguo madam anatembea nao. Hapo nimekwama. Kwa hadithi kama hii, mwenzake Sela angefanya nini? Angempigia nani hapa Saudia, mtu ambaye Kiarabu chake ni cha jikoni? Tafadhali nijibu mapema, Bibi. Ukiweza, leo. Sitaki kukosea mwisho.

Mwanao,
Metrine


Jeddah, 14 Februari 2023

Kwa mwanangu Metrine,

Nakusalimu sana. Samahani nimechelewa siku mbili, tulikuwa na wageni kutoka Makka.

Taratibu, mwanangu. Kurasa hizi ni nzuri kuliko zote ulizonitumia, na khofu yangu ni kuwa utaziharakisha. Usimwite mtu wa nje. Ukileta simu, ukaleta gari la hospitali, msomaji atapumua, na wewe humtaki apumue. Waache humo ndani wawili peke yao. Mwenzake asifanye kitu. Huko kutofanya kwake ndiko penye hadithi.

Na mie ningeongeza jambo. Maumivu yamwondoke ghafla. Sela acheke, aombe chai, kila mtu adhani kapona. Mama yangu aliondoka hivyo, chango limempasukia ndani, na sisi tunamshukuru Mungu kwa kuwa kanyamaza.

Namjua mhariri mmoja Mombasa. Nimeshamtajia jina lako.

Bibi yako,
Jokha


Jeddah, 25 Februari 2023

Mwanangu Metrine, hujambo? Mbona kimya? Mhariri kauliza mara mbili. Kama ni mwisho ndio unaokusumbua, nitumie hivyo hivyo ulivyo, tutausawazisha pamoja.

Bibi yako, Jokha


Riyadh, 9 Machi 2023

Bi Jokha,

Leo sikuulizi hali. Naandika kwa simu niliyoazimwa na mfanyakazi wa nyumba jirani. Nijibu kwa namba hii, ile yangu usiitumie tena.

Sela ni Rispah. Sikumtunga. Siku nilipokuandikia “leo”, Rispah alikuwa amelala sakafuni kando ya mashine ya kufua, na mimi nilikuwa nimeketi karibu naye na daftari.

Nilikuandikia kama hadithi kwa sababu madam huchukua simu zetu kila Alhamisi na kupitisha ujumbe wetu kwa ile programu ya kutafsiri. Kurasa za kwanza alizisoma, akacheka, akaniita mwandishi mbele ya dada zake. Kwa hivyo nilijua hadithi itapita. Na nilidhani wewe utaelewa. Wewe ni mtu mzima, umeishi nchi hii maisha yako yote, Kiarabu ni chako. Nilidhani ukisoma kwamba ufunguo anatembea nao madam, utajua.

Jibu lako nilimsomea Rispah. Sikumsomea lote. Nilipofika pale pa maumivu kuondoka ghafla niliishia hapo.

Alhamisi tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, maumivu yakamwondoka. Akaketi, akaniambia, “Met, nitengenezee chai ya maziwa.” Alikuwa akitabasamu. Mimi nikaangusha kikombe, nikakimbia kumgongea madam, nikipiga kelele, “Mustashfa, madam! Hospitali, sasa hivi!” Akaja akamwangalia, akamgusa paji la uso. Akasema, “Si amepona? Anakunywa chai. Wewe unaandika sana, Metrine, kichwa chako kimejaa mambo.” Simu zilikuwa kwake siku hiyo.

Ijumaa kulikuwa na wageni wa chakula cha mchana. Rispah alianguka kwa sinki akiosha sinia. Wageni ndio waliomfanya madam aite dereva. Alikata roho kabla ya Alasiri. Daktari alisema ni kidole tumbo, kilipasuka jana yake.

Sasa madam ameleta karatasi ya Kiarabu niitie sahihi. Inasema Rispah hakuwahi kulalamika. Nikitia sahihi napewa viza ya kutoka niende nyumbani. Nisipotia, nabaki humu naye. Nifanye nini? Sasa nakuuliza mimi, si mtu wa kwenye kurasa.

Metrine


Jeddah, 10 Machi 2023

Kwa mwanangu Metrine,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na tangu jana nikikaa nainuka.

Nambari ya ambulensi ina tarakimu tatu. Mtoto wa skuli hapa anaijua. Na Idi ana rafiki yake Riyadh, angegonga mlango huo kwa dakika arubaini. Ulinitaka nambari, nikakupa mwisho wa hadithi.

Nitakwambia na lililo baya zaidi, kwa kuwa huna haki ya kupewa pungufu. Lile neno “leo” nililiona. Nilijiuliza, hivi huyu mtoto anatunga kweli? Nikajiuliza hivyo kwa muda wa kuvaa miwani. Khalafu nikaanza kusoma, na kurasa zilikuwa nzuri, na mie sijaandika kitu changu mwaka wa kumi na moja huu. Nilitaka ziendelee.

Usitie sahihi, nakuomba. Barua zako zote ninazo, na tarehe zake. Nitazifasiri kwa Kiarabu mwenyewe na kuzipeleka serikalini, ofisi ya mambo ya wafanyakazi. Sitakuficha, naogopa. Sisi hatukupata uraia. Ikama yangu, hicho kibali cha kukaa, ina jina la kafili anayenidhamini, kama yako, na umri wangu huu nikifukuzwa sina nchi ya kurudi. Lakini nitakwenda.

Mungu amrehemu Rispah. Ukinichukia ni haki yako. Nijibu tu.

Jokha


Jeddah, 30 Aprili 2023

Kwa mwanangu Metrine,

Nakusalimu, popote ulipo. Simu uliyoazimwa haipatikani. Nakuandikia kwenye namba yako ya Kenya niliyoikuta kwenye fomu ya mafunzo. Labda iko siku utaifungua.

Kazi ya kufasiri ilinichukua Ramadhani nzima. Baada ya sikukuu, Idi akanipeleka kwenye ile ofisi ya wafanyakazi na karatasi zangu. Kijana aliyezipokea alisoma ukurasa mmoja, akauliza, “Nini hii, mama?” Nikamwambia, “Ni hadithi, lakini ni ya kweli.” Akafunga faili. “Hadithi, au kweli?” Nikamweleza tangu mwanzo, namna ulivyojificha, na kwa nini. Alisikiliza kwa adabu. Akaniuliza jina la mwenye nyumba, na mie sikuwa nalo. Mtaa, sikuwa nao. Miezi miwili ya barua, mwanangu, nimekuuliza Sela umemtoa wapi, na sikukuuliza wewe unaishi wapi.

Akanambia nitaitwa. Sijaitwa.

Nikenda mtaa wa Kandara, hapa hapa Jeddah, wanakopanga Wakenya, nikauliza kila mlango kama yupo anayekujua. Mwanamke mmoja, Maryann, msusi wa nywele, alinikalisha, akanipa maji. Nilipomaliza kumhadithia hakushangaa. Aliuliza tu, “Huyo mwingine bado anapumua?”

Nambie u hai. Neno moja linatosha.

Jokha


Kimilili, 21 Agosti 2023

Kwako Bi Jokha,

Salamu. Ni mzima. Barua zako zote mbili nilizipata. Ya Aprili nimeifungua wiki iliyopita tu.

Nilitia sahihi. Ile ya kuniambia nisitie niliisoma kwanza, kisha nikatia. Nilitaka kuja nyumbani. Nilifika Machi mwishoni, na mwili wa Rispah ukafika Julai.

Tulimzika Nyamira Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi huu. Familia yake waliniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kabla ya kuzika, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naye, na kwa sababu Rispah alikuwa amewaambia kwa simu anafanya kazi na mwandishi. Nilianza na alikozaliwa, shule alizosoma, kwaya aliyoimbia. Halafu nikaandika zile siku ishirini na mbili za kuugua kwake, moja moja, alichokula na alichotapika, na alichoambiwa. Niliandika na ile karatasi, na kwamba sahihi ni yangu. Niliandika na jina la mtaa, la madam na la baba wa nyumba.

Pasta aliomba nifupishe kwa sababu ya jua. Nilisoma yote. Ajenti aliyetupeleka Saudia alikuwa amekaa mbele na maua; nilipofika siku ya tano aliondoka, na maua akayaacha kwa kiti. Kaka yake Rispah amechukua nakala aipeleke kwa wakili. Wakili amesema sahihi yangu itatusumbua.

Nakutumia hiyo nakala na wewe. Majina yote yako ndani, rudi kwa yule kijana wa ofisi. Usinirekebishie chochote. Na huyo mhariri wa Mombasa mwambie hakuna kurasa.

Baada ya kaburi kufunikwa, mama yake aliniita nyuma ya hema. Ni mwanamke mwenye umbo dogo, anazungumza polepole. Hakuuliza habari ya madam wala ya karatasi. Alinishika mkono, akauliza, “Siku hizo zote akilala hapo chini, wewe ulikuwa wapi?”

Nikamwambia, “Nilikuwa hapo kando yake, mama. Nilikuwa naandika.”

Alingoja, kana kwamba kuna kitu kimebaki niseme. Kisha akaniachilia mkono, akaenda kuona kama wageni wamepata chakula.

Metrine