Mashuka ya Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza makao ya wazee. Shangazi ndiye aliyenitafutia nafasi. Anasema kijana wa siku hizi asipojitolea hakuna atakayemwajiri. Sawa. Nimepewa fulana mpya, imeandikwa UPENDO HAUTAKI MALIPO. Kufika jioni ilikuwa imelowa mkojo wa watu wengine.

Sikuja kunusa maua, najua. Lakini godoro bila shuka? Wanalala juu ya plastiki tupu. Nilipomgeuza Bibi wa Dirishani — kitanda chake kiko hapo, ndiyo jina lake — ngozi ya mgongo ilibanduka kwa sauti. Kama plasta. Chakula cha mchana kikanishinda. Na yeye ndiye aliyenipa pole! Alikuwa mkunga, kaniambia, harufu hazimtishi.

Mrefu, mwenzangu wa kujitolea, ni mwenyeji hapa. Nikamuuliza mashuka yako wapi. Akasema yapo, nitayaona wageni wakija.

Jumatano, 5 Machi

Wageni kesho. Mkurugenzi kafungua stoo mwenyewe. Tunamwita Mama Tabasamu, maana amri yake kwetu ni hiyo moja: tabasamuni. Mashuka meupe mpaka darini, mablanketi bado yana nailoni. Yote ya msaada.

Tumewaosha wazee, tumetandika. Bibi akalipapasa blanketi kama anapapasa kichanga. Akauliza kama ni lake. Nikasema ndiyo. Ningejuaje?

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja, wamepigwa picha, wameondoka.

Mimi niliambiwa nimlishe Bibi uji. Bibi anakula mwenyewe! Mpiga picha akamwomba alegeze mikono, atazame chini, awe mnyonge kidogo. Akatii. Nami nikashika kijiko, nikatabasamu. Mgeni mmoja mzee, mwenye kofia, akafuta machozi.

Vumbi la magari halijatua, Mama Tabasamu akapiga makofi: mashuka na mablanketi stoo. Yatachafuka, akasema. Wazee walikuwa bado wamelala juu yake. Bibi akaling'ang'ania blanketi. Mrefu akavuta. Mimi nikakunja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hupona mgeni akiwa bado ndani, basi.

Nimeoga mara mbili. Bado nanuka.

Ijumaa, 7 Machi

Picha iko kwenye kila simu. Mimi na kijiko changu. Shangazi kaionyesha mtaa mzima, mpaka kwa kinyozi. Nikamsimulia yote. Akaendelea kumenya viazi mpaka cha mwisho.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Wewe tabasamu, mwanangu. Upate kazi kwanza, ndipo uwe na mdomo."

Nilitaka kumchukia. Ila viazi vile alivimenya kwa ajili yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mzee wa kofia karudi! Alisahau miwani. Hakuna aliyemtarajia — akapitiliza mpaka chumba cha wanawake, akaona: plastiki, na Bibi kajikunyata juu yake kama kifaranga. Moyo ukanipiga kwa furaha. Nikasema leo ndiyo leo.

Mama Tabasamu akafika anahema. Mashuka yanafuliwa, akasema. Mzee akachungulia dirishani. Kamba za nguo tupu, hata kitambaa cha vumbi hakuna. Akageuka, akanitazama. Nikamtazama. Nikatabasamu.

"Usafi ni jambo jema," mzee akasema. Akavaa miwani yake, akaenda zake.

Ptuu! Mama Tabasamu namwelewa kuliko yule. Huyu alifuata miwani, akaona, akaondoka. Na mimi je? Mimi sikuhitaji hata miwani.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Dirisha la Bibi halifungiki. Anakohoa, kikohozi kizito cha kifuani.

Mama Tabasamu kaniita ofisini. Anasema jana kaniona, nina kifua, siropoki kama vijana wengine. Basi kuanzia leo mimi ni mkuu wa wanaojitolea. Kanikabidhi ufunguo wa stoo, akaondoka na gari lake mjini. Nimepandishwa cheo kwa kunyamaza.

Mchana. Naandika nikiwa stoo, juu ya marobota. Nimefungua. Mrefu alibeba mashuka yamemfika kidevuni. Chumba cha wanawake tumemaliza. Bibi nimemfunika mablanketi mawili. Kauliza wageni wanafika saa ngapi. Nikamwambia leo hakuna mgeni. Hakuniamini — kaomba kitana, anachana nywele.

Honi getini. Gari lake. Karudi mapema hivi?

Mrefu kasimama mlangoni na mzigo wa chumba cha wanaume. Anauliza tuyarudishe au tutandike. Ananingoja mimi, mkuu wake. Geti linafunguliwa.