Kikao cha Dharura Kuhusu Kerneli ya Siku Tatu

CHAMA CHA MAFUNDI SIMU, GHOROFA YA PILI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA, CHA 31

Tarehe: Jumatatu, tarehe 14
Mahali: Chumba namba 6, juu ya duka la rangi
Muda wa kuanza: Saa 4:05 asubuhi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, fundi wa bodi
2. Katibu, fundi wa tundu za chaji, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Injinia, mtengenezaji wa kerneli
4. Mama Vioo, fundi wa vioo
5. Mzee wa Redio, mlezi wa chama

MWALIKWA
Fundi Cherehani, mshonaji wa chumba cha chini, mwenye simu inayolalamikiwa

ASIYEHUDHURIA
Fundi Betri, kwa udhuru wa harusi. Ni harusi ya tatu tangu mwaka uanze, na hakuna mwanachama aliyewahi kuonyeshwa hata kadi.

KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao akiwa amesimama, na hakukaa mpaka mwisho. Alieleza kwamba hapakuwa na muda wa maneno mengi, kisha akaeleza kwa maneno mengi. Mama Vioo alimwomba afupishe. Mwenyekiti alisema angefupisha kama asingekatizwa.

Agenda ilikuwa moja: simu ya Fundi Cherehani haiiti, na mume wake anatarajiwa kupiga kabla ya saa sita mchana.

KUMB. NA. 2/31: MAELEZO YA MLALAMIKAJI

Fundi Cherehani alieleza kwamba mume wake ni fundi mitambo kwenye meli ya makontena na ana miezi kumi na tisa hajaonekana nyumbani. Hupiga simu akiwa bandarini tu, kwa namba za kuazima zisizopokea simu za kuingia. Mwezi uliopita alimwambia mkewe kwamba mkataba wake unaisha na mwingine wa miaka miwili uko tayari, na kwamba angepiga Ijumaa ya tarehe 11 aambiwe neno moja tu: arudi, au asaini.

Alieleza kwamba ndiyo maana mwezi huohuo aliileta simu hapa ghorofani. Betri ilikuwa haimalizi siku, naye hakutaka Ijumaa hiyo imkute na simu iliyozima. Aliwekewa kerneli ya Injinia, ile inayoitwa Siku Tatu, na kweli chaji ilianza kukaa siku tatu. Alishukuru wakati huo. Alisema shukrani hiyo anaifuta leo.

Ijumaa alishinda na simu mapajani, cherehani hakuigusa. Haikuita. Jioni alipoichomeka chaji, taarifa za simu tatu zikaingia kwa mpigo: saa 3:10, saa 3:25, saa 4:02. Mke wa baharia mwenzake alimwambia jana kwamba meli bado ipo bandarini na itaondoka leo saa sita.

"Mimi sikuja kugombana na mtu," alisema. "Nataka iite. Akipiga leo, iite. Basi."

Mwenyekiti alimhakikishia kwamba yuko mikononi mwa wataalamu.

KUMB. NA. 3/31: MAELEZO YA INJINIA

Mzee wa Redio aliomba aelezwe kwanza kerneli ni kitu gani, kwa kuwa yeye ni mtu wa valvu na transista. Injinia alieleza kwamba kerneli ni programu ya ndani kabisa ya simu, inayosimamia prosesa, yaani ubongo wa simu. Ndani yake kuna gavana, anayeamua prosesa ikimbie kasi gani, na kuna hotplagi, inayozima kore, yaani vipande vya prosesa, zisizo na kazi na kuziwasha zikihitajika. Simu ya Fundi Cherehani ina kore nne. Katika Siku Tatu, kioo kikizimika, kore tatu huzimwa, na ile moja inayobaki hushushwa kasi mpaka chini kabisa.

Mzee wa Redio alisema, "Kwa hiyo umelaza watoto watatu, wa nne umemwacha mlangoni anasinzia, halafu mgeni anabisha."

Injinia alisema hivyo sivyo. Baada ya kufikiri kidogo, alisema ndivyo.

Mama Vioo alitaka kujua kama kanuni ya Siku Saba Mfukoni ilifuatwa. Ikumbukwe kwamba kwa kanuni yetu, hakuna kerneli inayowekwa kwa mteja kabla mtengenezaji hajaitembeza siku saba kwenye simu yake mwenyewe. Injinia alijibu kwamba ilifuatwa, siku saba kamili, na kumbukumbu za mfumo anazo zote.

Katibu aliuliza kumbukumbu hizo zilisomwaje. Injinia alisema kwa kompyuta. Katibu aliuliza simu iliunganishwa na kompyuta kwa kitu gani. Injinia alisema kwa waya. Katibu aliuliza kwa siku ngapi kati ya hizo saba.

Injinia alizihesabu kwa vidole. Hatimaye alisema zote.

Kwa faida ya wasiojua: waya huo unapeleka na umeme. Simu iliyo kwenye umeme hailali, na hotplagi hailazi kore hata moja. Kwa siku saba Injinia alikuwa anajaribu usingizi wa simu iliyokuwa macho. Mfukoni haikuingia hata dakika moja. Katibu hushinda mchana kutwa akibadilisha tundu za chaji na hakuwahi kulifikiria hilo kabla ya leo, na imeandikwa ili asije kujifanya mjuzi.

Mama Vioo alitoa hoja kwamba Injinia afutwe uanachama, na kwamba kuanzia sasa asiitwe Injinia kwenye karatasi yoyote ya chama kwa kuwa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Injinia alimjibu kwamba hata kioo alichombandikia Mwenyekiti kina vumbi ndani. Mwenyekiti alithibitisha kuhusu vumbi, kisha akawataka wote wawili wanyamaze.

KUMB. NA. 4/31: JARIBIO

Injinia aliomba nafasi ya kuthibitisha kosa kabla ya kulirekebisha. Alipendekeza simu iwekwe katikati ya meza, kioo kimezimwa, bila waya, isiguswe kwa dakika kumi ili ilale kabisa, kisha aipigie. Fundi Cherehani aliuliza kama ni lazima. Mwenyekiti alisema fundi haponyi asichokijua. Simu iliwekwa mezani saa 4:14.

Dakika hizo kumi zilitumika kujadili jina la Injinia. Mama Vioo alishikilia aandikwe "Mtundu". Mwenyekiti alikuwa akienda dirishani na kurudi. Fundi Cherehani alikuwa akikunjakunja tepu yake ya kupimia kwenye kidole, akiikunjua, akiikunja tena. Wote tulikuwa tunaitazama simu. Hilo liandikwe kwa wino mzito: wote tulikuwa tunaitazama.

Saa 4:24 Injinia alipiga. Kwenye simu yake ilisikika ikiita upande wa pili. Mezani palikuwa kimya. Hakikuwaka kioo wala haikutetema. Injinia alisema, "Mnaona? Mnaona?" na alitabasamu, kama mtu aliyepata jibu sahihi. Kosa likawa limethibitishwa na kikao kwa kauli moja.

KUMB. NA. 5/31: MJADALA WA TIBA

Injinia alipendekeza kuondoa kerneli na kurudisha ile iliyotoka kiwandani, kazi ya dakika ishirini simu ikiwa imezimwa. Fundi Cherehani alikataa kata kata, simu haizimwi. Mwenyekiti alipendekeza kore mbili ziachwe macho. Mama Vioo alisema zote nne. Injinia alisema tatizo siyo idadi ya kore bali ni gavana, anachelewa kupandisha kasi, na akaanza kuchora mchoro nyuma ya agenda. Mwenyekiti alimnyang'anya kalamu akachora wa kwake. Katibu alipendekeza simu ichomekwe tu kwenye chaji na iachwe hapo. Pendekezo lilionekana rahisi mno na halikupata wa kuliunga mkono.

Saa 4:40 Mzee wa Redio aliuliza: "Wanangu, kwani laini haitoki?"

Mwenyekiti aliendelea kuchora.

"Laini," alirudia. "Ile kadi ndogo. Mimi nina simu ya vitufe hapa. Inaita mpaka majirani wanalalamika."

Hakuna mwanachama aliyemtazama mwenzake. Mafundi wanne wenye jumla ya miaka thelathini kwenye kazi walikuwa wametibu prosesa kwa dakika thelathini na tano, na dawa ilikuwa kwenye trei ya laini. Katibu aliitoa laini kwa pini na kuiweka kwenye simu ya mzee. Ilichukua chini ya dakika mbili.

Simu ilipowaka, ilipokea taarifa za simu mbili zilizokosa kupokelewa. Ya saa 4:24 ilikuwa ya Injinia. Ya saa 4:22 ilitoka namba ndefu ya ng'ambo.

Fundi Cherehani aliisoma mara mbili kwa sauti. Kisha alisema, "Alikuwa hapa. Alikuwa hapa mezani na mimi nimekaa."

Katibu hawezi kuandika kilichofuata kwa lugha ya kikao. Injinia alikaa chini sakafuni. Namba ile ilipigwa mara sita na haikupokea.

KUMB. NA. 6/31: SIMU YA SAA 5:15

Saa 5:15 simu ya vitufe iliita. Wanachama walitaka kutoka nje, Fundi Cherehani akawazuia kwa mkono. Katibu aliuliza kama kalamu iwekwe chini. Alijibu, "Andika. Andika yote." Simu ya mzee haijui kunong'ona, na yaliyosemwa yalisikika hivi:

"Mama watoto. Leo umepokea."

"Ijumaa haikuita. Na leo haikuita. Simu ilikuwa mbovu."

"Mbovu vipi? Upande wangu iliita. Mara nne iliita."

"Kwako iliita. Kwangu haikuita. Nilikuwa nayo mbele yangu, mimi na watu watano tumeizunguka tunaitazama."

"Watu watano mmezunguka simu mnaitazama?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi hapo niamini nini? Nilikupigia leo kalamu iko mkononi. Ofisi inafunga saa nne na nusu. Nikasema, huyu hataki, ila anaona haya kutamka. Nimesaini, mama watoto. Miaka miwili."

Fundi Cherehani aliikunja tepu yake kwenye kidole.

"Ulitaka kuniambia nini?" aliuliza mume wake.

"Urudi."

Ilisikika mashine ikinguruma huko aliko. Alisema, "Ungekuwa unataka nirudi ungepokea," kisha akasema wanamwita, na simu ikakatika.

KUMB. NA. 7/31: MAAZIMIO

(a) Simu ishirini na tatu zenye kerneli ya Siku Tatu zirudishwe kuanzia leo. Injinia atawafuata wateja kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa kuwapigia simu hakutasaidia.

(b) Mama Vioo aliondoa hoja yake ya kumfuta Injinia. Alisema saa 4:22 yeye mwenyewe ndiye alikuwa anazungumza, tena kuhusu jina.

(c) Injinia aliomba msamaha. Fundi Cherehani alimwambia amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, na kikao hakikumlazimisha.

(d) Mwenyekiti alimuuliza Fundi Cherehani chama kimfanyie nini. Alisema hataki simu mpya wala pole. Alisema: "Miaka miwili atakaa anaamini nilimtazama akiita nikamwacha. Nikimweleza mimi, ni mke anajitetea. Nipeni karatasi hii, na kila mmoja atie sahihi. Nikimtumia picha, atasema nimetengeneza. Nataka karatasi."

Iliazimiwa kwamba apewe, bila kufuta neno, pamoja na yale yanayotuaibisha. Mwenyekiti aliomba sehemu ya trei ya laini ipunguzwe makali. Alikataliwa.

KUMB. NA. 8/31: KUFUNGA

Mwenyekiti alitaka kusema neno la kufunga, hakulipata. Watu walianza kuinuka saa 5:50, meli ikiwa bado haijaondoka.

Sisi tuliotia sahihi hapa chini tulikuwa chumba namba 6 Jumatatu tarehe 14. Saa 4:22 simu ya Fundi Cherehani ilikuwa mezani mbele yetu na mbele yake. Hakutupa macho pembeni. Haikuita.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)
Mzee wa Redio: (sahihi)
Mama Vioo: (sahihi)
Injinia, niliyeizuia isiite: (sahihi)

Nakala:
1. Jalada la chama
2. Mume wa Fundi Cherehani, akabidhiwe mkononi siku atakayorudi